E240 inazima ikishapata moto, ikipoa inawaka kama haijafanya kitu. Fundi kashabadilisha nusu ya gari

Kijana_wa_Nkuhungu

Mbukwenyi wakuu. Naombeni msaada maana nilipofika sasa nimeanza kumchukia Mjerumani bila kosa lake.

Nina Mercedes E240 ya 2004, W211 ile ya macho manne, imetoka Japani, nilichukua mwaka juzi kwa jamaa hapa hapa Dodoma dashi ikisoma kilomita 118,000 (za kweli au za kurudishwa anajua Mungu). Gari kwa raha haina mfano, ukiwa ndani hata lile lami la kuingia Chamwino unaona kama godoro.

Sasa tatizo. Mwezi uliopita natoka Morogoro kuja Dodoma, niko na wife na watoto wawili, tumepita Dumila vizuri, tumeanza kupanda kuitafuta Gairo, mchana wa saa nane jua la kukaanga yai, gari ikakata ghafla. Haikupiga miss wala haikukohoa, ni kama mtu kazima swichi. Usukani ukawa mzito kama nasukuma mkokoteni wa mchanga ila breki zikashika vizuri tu nikaegesha pembeni. Napiga stata, inazunguka kwa nguvu zote, haiwaki. Tumekaa pale kama dakika 40 tunakula mahindi ya kuchoma, nikajaribu tena ikawaka mara moja! Tukaenda mpaka Kibaigwa ikakata tena, tukangoja tena, ikawaka tena. Tumefika nyumbani saa tatu usiku hatusemeshani.

Fundi wangu kabadilisha pampu ya mafuta (laki nne na nusu ya mtumba), chujio la mafuta, rilei ya pampu na plagi zote. Plagi 12 wakuu, silinda sita kila moja inakula mbili, siku naambiwa nilijua napigwa. Wakapima na kimashine kidogo kile cha kuchomeka wakasema haina kosa lolote. Juzi imekata tena kwenye foleni ya Nzuguni na sasa hivi fundi anasema tununue kompyuta ya injini, milioni na kitu.

Kabla sijatoa hiyo hela kuna mtu alishapitia hii? Wife kasema safari ijayo ya Moro yeye na watoto wanapanda treni ya SGR, mimi nije na jeneza langu.

MzeeWaRough

Pampu ya mtumba hiyo mkuu. Nayo ikipata moto inakata. Nunua mpya.

Crown_Mjeuri

Uza nunua Toyota Crown. Tatizo limeisha, fungeni uzi.

Fundi_Mgogo

Mkuu usinunue kompyuta. Narudia, USINUNUE kompyuta, na huyo fundi muambie apumzike kidogo.

Mimi nashika spana mwaka wa kumi na kitu sasa, na hizo injini za M112 (V6 hiyo yako ya 2.6, ndiyo hiyo hiyo kwenye C240 na ndugu zake 2.8 na 3.2) stori ya "inazima ikiwa ya moto, ikipoa inawaka" nimeisikia mpaka nikiona tu mtu anashuka kwenye Benz na uso wa msiba namuuliza kabla hajasema. Mara nyingi ni sensa ya krenki, ile inayosoma mzunguko wa krenkshafti (shafti kuu ya injini).

Nikueleze inavyofanya kazi ili kesho usipigwe. Ile sensa ndani ni sumaku na waya mwembamba kama unywele umezungushwa kuwa koili, kichwa chake kinaangalia meno yanayozunguka na flywheel (lile gurudumu la nyuma ya injini). Kila jino likipita inatoa kaumeme kadogo, kompyuta inahesabu meno inajua injini iko wapi na inaenda kasi gani. Bila hiyo hesabu kompyuta haitoi moto wa plagi wala haifungui injekta, kwa hiyo pampu iwe mpya plagi ziwe za dhahabu, haiwaki. Sasa sensa yenyewe wameiweka nyuma kabisa ya injini, pale injini inapoungana na gia boksi, sehemu ya joto isiyopata upepo. Miaka 20 inapikwa pale. Ule waya unapata ufa, ukiwa wa baridi ncha zinagusana, ukipata moto vitu vinatanuka ncha zinaachana, gari inakufa. Ukikaa ukala mahindi yako dakika 40 zinagusana tena. Ndio maana haikohoi kwanza, inakata kama swichi.

Kimashine kutosoma kosa sio ajabu, vile vidogo vya elfu 30 vinaongea na injini juu juu tu, na hii sensa mara nyingine inakata bila kuacha kosa. Ikiacha mara nyingi ni P0335.

Fanya jambo moja kabla hujatoa hata mia. Siku ikikata, usikimbilie boneti. Piga stata na macho yako yawe kwenye mshale wa RPM. Gari nzima ikipigwa stata mshale unanyanyuka kidogo, kama mtu anayetaka kuamka. Ukilala kwenye sifuri kabisa wakati stata inazunguka, kompyuta haioni injini ikizunguka, hapo ni sensa au waya wake. Ukinyanyuka, basi turudi kwenye mafuta, apime presha pale kwenye reli ya injekta (kuna kinipeli kama cha tairi) gari ikiwa ya moto sio ya baridi. Kupima gari ya baridi kwa tatizo la moto ni sawa na kumpima mtu malaria ya wiki iliyopita.

MamaZabibu

Kaka pole, nakuelewa mpaka kwenye mahindi. Mimi nina C240 ya 2003, injini hiyo hiyo, ilinifanyia hivyo mara nne, mara moja kwenye mzunguko katikati ya mji saa ya watu kutoka kazini, bodaboda wote wakaniimbia. Nikabadilisha sensa ikapona.

Ila nisikilize hapa. Ya kwanza nilinunua elfu 35, boksi zuri lina hologramu, muuzaji ananiambia dada hii ni orijino kabisa. Ilidumu wiki mbili ikarudia ugonjwa ule ule, nikaanza kumwambia fundi wangu tatizo sio sensa, tukatafuta mchawi mwezi mzima, koili, waya, mpaka tukashusha tenki. Kumbe sensa mpya nayo ilikuwa mbovu. Ya pili nikaagiza Dar ya Bosch, laki na themanini, ikaletwa kwa basi nikaipokea stendi ya Nanenane usiku, mpaka leo mwaka wa tatu. Kwa hiyo nunua kitu cha maana mara moja maana ukinunua feki unanunua na mashaka.

Crown_Mjeuri

Laki na themanini sensa moja?? Mimi kwa hiyo hela nafanya service Crown mara mbili na nyama choma inabaki.

MamaZabibu

@Crown_Mjeuri na wewe kila uzi wa Benz upo wa kwanza, hiyo Crown inakuruhusu kulala kweli? 😂

Kijana_wa_Nkuhungu

Aisee @Fundi_Mgogo nimerudi. Jana jioni nimefanya makusudi, nimeizungusha kutoka Nkuhungu mpaka Ihumwa na kurudi na AC juu, nikaiacha inaunguruma imesimama nyumbani. Kama dakika ya 25 ikakata. Nikapiga stata nikiangalia mshale.

Umelala. Haujanyanyuka hata unywele.

Nimesubiri imepoa, nimepiga tena, mshale ukanyanyuka kabla hata injini haijashika. Wife alikuwa dirishani anashangaa mtu mzima anashangilia gari iliyozima.

Swali, hiyo sensa naweza kuitoa mwenyewe? Na je kuna njia ya kuhakikisha zaidi kabla sijaagiza, maana nimeshachoma kama laki nane mpaka sasa.

Fundi_Mgogo

Hapo umeshamaliza asilimia kubwa ya kazi. Uhakika zaidi upo: ikikata ikiwa ya moto chukua kitambaa kilicholowa maji ya baridi ukiweke kwenye sensa dakika chache, usimwage ndoo kwenye injini nzima kama naona vijana wanavyofanya barabarani, utapasua kitu. Ikiwaka baada ya kupozwa pale peke yake huna haja ya kuuliza mtu. Mwenye mita apime ukinzani wa koili ya sensa ikiwa ya baridi halafu ikiwa ya moto, ile mbovu ikipata moto mita inasoma wazi kabisa, hamna njia ndani.

Kuitoa inawezekana. Ni bolti moja tu, lakini hiyo bolti moja ina matusi yake. Iko nyuma ya injini upande wa kushoto, huioni, unaisikia kwa vidole. Kichwa chake ni cha nyota, soketi E8 na ekstensheni ndefu. Ngoja injini ipoe KABISA, mimi nina alama ya bomba la ekzosti mkononi kwa ajili ya haraka. Funga taulo chini yake, bolti ikidondoka inaingia pale juu ya gia boksi utaitafuta mpaka swala ya magharibi. Soketi ya waya ibonyeze kiulimi ndio uivute, usivute waya, plastiki ya miaka 20 inavunjika kama biskuti. Ukishaitoa safisha pale inapokaa, chuma chembamba kikinasa kwenye sumaku ya sensa nacho kinaharibu usomaji.

Usinunue kwa kutaja tu "E240". Mpe muuzaji namba ya chasisi na namba iliyoandikwa kwenye sensa ya zamani.

Halafu kuna kitu ulisema kwenye posti ya kwanza watu wamekipita. Ulisema imezima mlimani, usukani mzito, breki zikashika vizuri. Gari nyingi injini ikizima breki zinabaki na msaada wa kukanyaga mara mbili tatu halafu zinakuwa mawe. Yako zilishika kwa sababu W211 ya miaka hiyo ina SBC, breki za umeme. Ukikanyaga pedali kompyuta ndio inasoma mguu wako na pampu ya umeme inatoa presha, haitegemei injini, inategemea betri. Ndio maana gari yako ina betri mbili, kubwa kwenye buti na ndogo mbele. Kwa hiyo siku ikikuzimia inatembea USIZIME swichi na usitoe ufunguo.

Sasa ukimaliza sensa ningependa uulize hiyo SBC iko kwenye hali gani, kwa sababu ile pampu ina hesabu ndani, inahesabu kila ukikanyaga breki, ikikaribia mara 300,000 inaanza kukuwashia onyo jekundu hata kama bado nzima. Mercedes wenyewe mfumo uliwasumbua, Mei 2004 waliziita gari kama 680,000 zirudi kurekebishwa, na 2006 walipoifanyia W211 mabadiliko wakairudisha kwenye breki za kawaida. Ndio maana wanaojua wanaitafuta ya kuanzia hapo.

MzeeWaRough

Kwa hiyo kumbe breki zina kaunta kama mita ya LUKU. Kazi ipo.

Fundi_Mgogo

Ndio mzee wangu, na unit zikiisha hununui kwenye simu 😂

Ila kubwa zaidi kwa usalama ni hili na naomba mtu yeyote mwenye W211 ya kabla ya mabadiliko ya 2006 alisome mara mbili. USIBADILISHE PEDI ZA BREKI kabla mfumo haujalazwa kwa mashine inayojua kuongea na SBC. Ile kitu inaamka yenyewe. Ukifungua mlango tu, au mtu akibonyeza rimoti ya kufungua gari, inajipima kwa kusukuma pistoni za kalipa, zile zinazobana pedi. Niliona kwa macho yangu gereji moja, kijana katoa pedi za mbele, anaingiza mpya, mwenye gari akaja kuchukua chaja ya simu ndani akafungua mlango. Ilisikika "kwap". Bahati yake kijana alikuwa amegeuka kuchukua grisi, bisibisi aliyoiacha pale kati ikabanwa mpaka mpini wa plastiki ukapasuka. Fikiria kingekuwa kidole cha shahada. Toka siku hiyo kwangu ikija W211 ya SBC mwenye gari anaacha ufunguo juu ya meza yangu na anaenda kunywa chai mbali.

Kijana_wa_Nkuhungu

Dah. Mimi pedi nilibadilisha mwaka jana pale pale kwa fundi wangu, na nilikuwa nimekaa ndani ya gari naangalia mpira kwenye simu. Sisemi kitu.

Kisima_cha_Ntyuka

Wakuu nichomekee na mimi kidogo nikiwa hapa hapa. Kwa wenye hizi gari Dodoma angalieni sana maji ya rejeta. Maji yetu ya visima yana chumvi, angalia tu sufuria yako ya chai ilivyo na ukoko mweupe, huo ukoko ndio unajenga ndani ya rejeta na heater. Changanya kulanti na maji ya betri (yale yaliyosafishwa, sio asidi), lita chache tu hayawezi kukufilisi. Na hizi M112 zina vichujio VIWILI vya hewa juu ya injini, vumbi la kuanzia mwezi wa saba mpaka mvua zinyeshe linavijaza fasta, kuna watu wanabadilisha kimoja wakidhani ndio kimeisha.

MamaZabibu

Kweli kabisa hilo la viwili, mimi nilikuwa nabadilishiwa kimoja na nalipia viwili, miaka 2.

Na kaka Nkuhungu ukiwa unashughulika huko chini angalia na plagi ya umeme ya gia boksi, ile yenye pini 13. Ina oringi mbili, zikizeeka oili ya gia inavuja kwenye plagi halafu inapanda NDANI ya waya kama utambi wa koroboi mpaka kwenye kompyuta ya gia. Yangu ilikuwa inajifunga gia namba mbili haibadilishi, natoka Kondoa nakuja mji mwendo wa ng'ombe. Kiplastiki chenyewe ni bei ya nauli tu ila kikichelewa unanunua kompyuta kweli kweli. Na mkibadilisha oili msikubali kuwekewa ATF (oili ya gia boksi) yoyote ya Toyota iliyopo dukani, ulizia inayokidhi kiwango cha Mercedes 236.10 au 236.14. Mimi niliwekewa nyekundu nzuri ya dukani nikaanza kupigwa mateke kila gia ikiingia.

Crown_Mjeuri

Sensa, breki za kaunta, oili inapanda kwenye waya, vichujio pacha. Mimi niko hapa nawasha gari kwa kidole kimoja.

Fundi_Mgogo

@MamaZabibu dada umenifundishia somo langu. Niongeze tu kwamba hiyo gia boksi haina dipstiki, kuna bomba limefungwa na kifuniko chenye kilakiri cha plastiki nyekundu, kupima unahitaji dipstiki ya fundi na oili iwe imepata moto nyuzi kama 80. Fundi akikuambia "hii haibadilishwi oili maisha yake yote" ni kweli mwanzo Mercedes walisema hivyo, baadaye wenyewe wakabadili maneno. Ya kwako mkuu ya 118,000 za Mungu anajua, badilisha.

Crown mjeuri wewe VVT yako (ile ya kupanga muda wa valvu) ikianza kugonga utakuja gereji kwangu kwa upole.

Kijana_wa_Nkuhungu

Mrejesho wakuu.

Nimeagiza ya Bosch Dar kwa namba ya chasisi, laki na sabini pamoja na parseli, imefika Alhamisi usiku. Jumamosi asubuhi nimeamka saa kumi na mbili injini ikiwa ya baridi kabisa kama alivyosema fundi, nikafunga taulo chini. Masaa mawili na nusu kwa bolti moja, na hapo nimeacha ngozi ya vidole viwili kule nyuma. Nilipoitoa ya zamani nikaelewa kila kitu, plastiki ya kichwani imebadilika rangi kama ugali ulioungua, ina mpasuko mwembamba unaoingia kucha, na unga wa chuma umejaa kwenye sumaku kama nywele za kinyozi.

Nimeweka mpya ikawaka. Sikufurahi haraka maana hata zamani ilikuwa inawaka. Jumapili nimeenda peke yangu, Dodoma, Kibaigwa, Gairo, nikashuka mpaka Dumila, nikageuza nikapanda ule ule mlima saa nane ile ile, AC juu. Pale pale iliponizimia mara ya kwanza nikaegesha makusudi nikaiacha inaunguruma dakika 20, nikanunua mahindi kwa mama yule yule. Kanikumbuka. Akaniuliza, "Baba, imekufa tena?"

Haijazima mpaka leo wiki ya tatu. Pampu ya zamani fundi kanirudishia baada ya mabishano, nilipoichomeka kwenye betri inasukuma vizuri tu, kwa hiyo laki nne na nusu ilienda bure, na plagi nazo zilikuwa bado zinadai.

SBC nimepima kwa jamaa mwenye mashine kubwa, onyo bado, anasema pampu iko salama kwa sasa. Kiplastiki cha pini 13 nimekikuta kimeanza kulowa, nimeshabadilisha, asante sana @MamaZabibu umeniokoa hapo.

Wife anasema safari ya Krismasi atapanda, ila tiketi za SGR za watoto anakata kabisa ziwepo.

Kizunguzungu_07

Habari wakuu nimesoma uzi wote, na mimi ninayo E240 kama hiyo lakini yangu inasumbua kuwaka ikiwa ya BARIDI asubuhi, inazunguka muda mrefu ndio inawaka na taa ya cheki injini iko juu, ikishawaka haina shida hata nikienda nayo Singida. Nayo ni sensa hii hii? Nimeshaona moja elfu 35 ina hologramu

MamaZabibu

Weka hiyo hela mfukoni kwanza mdogo wangu.

Fundi_Mgogo

Hapana hiyo inanukia sensa ya kamshafti (shafti inayofungua valvu), iko mbele ya injini, ni nyingine kabisa. Kasome kosa kwa mashine kwanza, ikitoa P0340 itoe uangalie kama kuna oili kwenye soketi yake. Fungua uzi wako tuje.